Hesabu Kumi na Moja

Nikinusa maganda ya kahawa yaliyochacha, huukumbuka utoto wangu hadi leo. Harufu ile, tamu kidogo na mbovu kidogo, ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye blanketi, hata kwenye uji. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa cha shamba moja la mzungu nje ya Ruiru, nasi tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi, karibu na mitaro ya kuoshea kahawa. Kwetu ni kwa Wabukusu, magharibi mwa nchi, na watu wa kwetu waliokuwa wakifanya kazi sehemu zile tulikutana nao kanisani kila Jumapili.

Nikiwa darasa la nne, mzee mmoja aliniuliza baada ya ibada nimejiandaa vipi kwa mtihani wa mwisho wa mwaka. Mtihani ule ndio uliokuwa ukiamua nani aende darasa la tano na nani akae nyumbani moja kwa moja. Nikamjibu, mbele ya watu, kwamba nitakuwa namba moja. Sijui kilichoniingia. Nadhani ni viatu, maana siku hiyo nilikuwa nimeazimwa viatu. Baba alifurahi mno, akamtangazia kila aliyekutana naye. Kabla wiki haijaisha habari zilikuwa zimefika Thika, kwa binamu yake aliyekuwa akikata mkonge huko.

Ukweli ni kwamba muhula uliotangulia nilikuwa wa thelathini na nne kati ya watoto arobaini na mmoja. Kusoma nilijua vizuri. Hesabu ndizo zilizonishinda. Sasa kila nilipopita mtu aliniita, "Namba wani!" na mimi nilitabasamu. Nikaanza kuogopa hata kwenda bombani kuteka maji. Chakula hakikushuka. Mama alidhani nina minyoo, akanipikia dawa chungu ya majani.

Mwalimu wetu alikuwa Kamau, kijana mwembamba aliyeita kalamu "karamu", hata mtoto mgeni darasani, akiambiwa atoe karamu, alikaa akingoja chakula. Kwenye mtihani wa majaribio nilipata hesabu tano kati ya ishirini na tano. Alinibakiza wakati wa mapumziko. Nililia, nikamweleza yote, pamoja na habari ya namba moja. Hakunicheka. Alinipa karatasi yangu, akaniambia nitie alama kwenye zile nilizokosa lakini nikakaribia kuzielewa. Zilikuwa sita.

"Njia ya kwenda namba moja mimi siioni," alisema. "Lakini hizi sita naziona. Tano na sita ni ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako. Kusoma kwako kutakusaidia kwa alama zilizobaki, nawe utapita. Nenda umwambie baba yako."

Tulipanga aina moja ya hesabu kila wiki. Niliziandika kwa kijiti mchangani huku nikimlea mdogo wangu, naye akizifuta kwa makalio. Hesabu za kugawanya zenye baki zilinila wiki mbili nzima, na mpango wote ukachelewa.

Kumwambia baba ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Nilingoja siku nne. Nilimkuta mlangoni akiosha miguu baada ya kazi.

"Baba, sitakuwa namba moja. Mwalimu amesema nikipata hesabu kumi na moja nitapita."

Aliendelea kusugua kisigino. "Na hizo kumi na moja, Nekesa, unaziweza?"

"Saba naziweza. Nne bado."

"Haya," alisema, akamwaga maji.

Jumapili iliyofuata nilimwona akizunguka uwanja wa kanisa, kofia mkononi, akimwendea mtu mmoja baada ya mwingine na kusema naye polepole. Kila mmoja aligeuka kunitazama. Nikajua ananionea aibu, na kwamba amekata tamaa nami. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita namba wani, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele za mwanzo.

Siku ya mtihani ilifika. Niliziruka nisizozijua, nikafanya zangu. Majina ya waliopita yaliposomwa nje ya shule, langu lilikuja karibu na mwisho, wakati nimeshaanza kulia. Mwalimu Kamau aliniambia baadaye kwamba nilipata hesabu kumi na mbili. Moja nilibahatisha.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa mwalimu na baba amekwisha kufa, Mama Rasoa, jirani yetu wa kambini, alikuja kunitembelea. Ndiye aliyeniambia baba alisema nini Jumapili ile: kwamba kosa ni lake aliyetangaza, na tafadhali wasimuulize mtoto namba tena, aachwe afanye hesabu zake. Alikuwa amewaendea wote aliowatangazia. Hata binamu yake hakumwacha. Aliazima baiskeli na kwenda hadi Thika, siku zile za hali ya hatari ambazo askari wa serikali ya kikoloni walimsimamisha kila mtu barabarani, kumwambia tu kwamba binti yake hatakuwa namba moja, na kwamba ni sawa.