Mlango Usio na Karatasi

Mwanangu alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa ulimi wangu. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alinipigia simu ya video kutoka Ujerumani, mjukuu wangu kampakata, mimi nikisema kwa Kiswahili na yeye akimgeuzia mtoto kwa Kijerumani. Alikufa ghafla, kazini, na kazikwa huko huko. Mkwe wangu ni Mjerumani, mtu mwema, na aliendelea kunipigia. Lakini hatukuwa na lugha. Mtoto alinitazama, nami nikamtazama na kumpungia mkono. Haukupita muda akawa anateremka kwenye kiti kabla mamake hajamaliza kunisalimia. Nikaona wazi kwamba atanisahau, na halitakuwa kosa lake.

Nikajiandikisha darasa la Kijerumani hapa kwetu Omani, Khuwair ya Kusini. Mimi skuli niliachia darasa la sita. Wenzangu walikuwa wauguzi na mainjinia vijana wanaotafuta kazi Ulaya. Msichana aliyekaa karibu nami, wa watu wetu wa Unguja, aliniuliza siku ya kwanza, "Bimkubwa, na wewe unakwenda kuolewa?"

"Mume nnaye huko tayari," nikamwambia. "Ana miaka mitano."

Alicheka mpaka mwalimu akamgeukia.

Mwalimu, mama wa Kiomani aliyesoma Ujerumani, alituambia neno halijifunzwi peke yake. Kila kitu kina chake cha kutangulia: der kikiwa cha kiume, die kikiwa cha kike, das kikiwa si hiki wala hicho, na hakuna kuuliza kwa nini. Akatushauri tubandike karatasi vitu vya nyumbani: der buluu, die nyekundu, das kijani. Nikabandika nyumba nzima. Kiarabu kilinisaidia na kilinidanganya. Jua ni la kike huku na huku, na mwezi ni wa kiume. Lakini mlango niliubandika buluu, kwa kuwa kwa Kiarabu ni wa kiume, kumbe ulikuwa mwekundu. Meza ikanipotosha kinyume chake.

Wifi yangu alipokuja kunitazama alisimama katikati ya sebule. "Nyumba ya msiba hii, au skuli ya chekechea?"

Nikaenda kumtilia kahawa. Mlango mmoja tu sikuubandika kitu, wa chumba cha mwanangu. Haukuwa umefunguliwa tangu habari ilipofika.

Neno nililolitaka zaidi lilikuwa lile nililomwita mjukuu wangu tangu kuzaliwa. Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu. Humtania, humgombeza kwa kutoleta samaki, humwonea wivu akicheza na wasichana. Nikalitafuta neno, nikahakikisha ni la buluu, nikalirudia huku nikichambua mchele. Ijumaa, uso wa mtoto ulipotokea, nikasema polepole, bila kukosea: "Guten Tag, mein Mann."

Hakucheka. Aligeuka pembeni akasema, "Papa," yaani baba, kisha akaondoka. Mkwe wangu akaja mbele ya simu, uso umemwiva, akasema maneno mengi kwa haraka. Nilishika mawili tu, Mann na tot: mume, na kufa. Simu ikakatika.

Nikabaki nimeishika. Basi mwanangu miaka yote ile hakuwahi kuligeuza neno lile. Alichowaambia badala yake sikijui. Na sasa mkwe wangu anaamini nimerukwa na akili, na mtoto kanisikia nikimwita kwa jina la maiti, lile mamake alilomwitia babake.

Nilimweleza mwalimu. Yeye pia hakucheka. Aliniandikia sentensi tatu. "Khala, usizipambe," alisema, akiniita kama Waarabu wamwitavyo mama mtu mzima. "Ziseme hivi hivi."

Ijumaa iliyofuata wakati wetu ulifika na simu haikulia. Nikaswali alasiri, nikarudi kukaa pale pale. Chai ilipoa. Ilipolia, alikuwa mkwe wangu peke yake. Nikazisema sentensi zangu, mdomo mkavu, der na die zikipishana ovyo: kwetu bibi humwita hivyo mjukuu wake, ni utani, ni mapenzi.

 Akafunika mdomo kwa kiganja na mabega yakamtikisika. Sikuweza kujua kama anacheka au analia. Akamwita mtoto, akamnong'oneza. Mtoto akasogea karibu kabisa, kipaji kakikunja kama babake, akaniuliza jambo. Nikamwomba aseme polepole.

"Nikiwa mume wako, lazima nije kukaa huko?"

"Nein," nikasema. Uje kutembea tu. Na samaki ulete: "das Fisch."

"Den Fisch!"

Hiyo den mwalimu alikuwa hajatufikisha. Lakini mtoto alikuwa bado kakaa kitini.

Akaiona karatasi kwenye kabati nyuma yangu, akauliza ni nini. Nikaigeuza simu nimwoneshe. Akataka nyingine, na nyingine, nami nikaenda naye jikoni, ukumbini, yeye akipiga kelele kabla yangu: der, die, das. Nikikosea alishangilia. Hivyo tukafika mwisho wa ukumbi, kwenye mlango usiokuwa na kitu.

"Na huu?"

Ningeweza kurudi nyuma. "Die Tür," nikasema.

"Nyekundu!"

Nikachukua karatasi nyekundu, nikaibandika. Haikushika vizuri, mlango ulikuwa na vumbi. Nikaikandamiza kwa kiganja.

"Aufmachen," akasema mtoto. Fungua. Neno hilo nililijua, mwalimu hulisema kila tukianza kitabu.

Mamake akasogea karibu yake. Nikashika kitasa. Ndani palikuwa na joto na harufu ya nguo zilizokunjwa siku nyingi, na hapakuwa na karatasi hata moja, wala kitandani. Nikaiinua simu mbele yangu ili yeye aone kwanza.

"Das Bett," akaanza.