Ufito Uliolia

Juzi, msibani Mandawa, kiti cha mbao nilichopewa kililia nilipokikalia. Kijana mmoja akashtuka. "Bibi, inuka, kitakuangusha!"

Kwa mawazo nilikuwa nimekwisha kurudi Nachingwea ya utoto wangu, bandani kwa mjomba, fundi viti aliyenichukua nijifunze kazi baada ya kaka zangu kuikataa. Alichemsha fito kwenye pipa lililotupwa na watu wa matrekta, na mvuke wake ulinuka grisi na magome mabichi. Mchana ule tulipinda ufito wa mgongo wa kiti, tukauzungusha kwenye kigogo na kuukaza kwa kamba.

"Usiuguse," alisema, akaenda kuswali alasiri.

Ufito ukaanza kulia, kach, kach. Nilidhani unavunjika. Nikauonea huruma, nikafungua kamba zote ili upumzike kidogo. Ukanyooka taratibu mbele ya macho yangu, kama mtu anayeamka. Nikaketi kwenye maranda, nikijua leo narudishwa Marambo kwa mama.

Mjomba aliporudi, aliushika ufito akaugusisha shavuni.

"Ulikuwa unalia?"

"Ulilia sana, mjomba."

"Mti ukilia hivyo, unatafuta pa kukaa. Haya, lete kuni tuuchemshe tena. Bado una joto, bado unasikia maneno."

Nilikimbilia kuni huku nacheka, kamasi zinanitiririka.

Ndiyo maana juzi sikuinuka. Kiti kililia mara ya pili, nami nikamwambia yule kijana aniletee uji.