Simu Kwenye Kikapu cha Kahawa

Baba mkwe alishamlalamikia mke wangu kwamba nikiongea naye, macho yangu yako kwenye simu. Basi Jumapili alipotutembelea hapa Kashozi, nikajigamba: "Baba, simu nimeiacha kazini Bukoba. Leo ni kukusikiliza wewe tu."

Kumbe nilikuwa nimeizima sauti na kuifukia kwenye kikapu cha kahawa za kutafuna, ili niwe naichungulia kila nikienda jikoni. Mhaya mzima mimi, nikasahau kwamba mgeni hukaribishwa kwa kahawa hizo hizo!

Mke wangu akapiga magoti, akampa baba yake kikapu. Mzee alipotia mkono tu, kahawa zikaanza kutetemeka. Akaitoa simu, akaipangusa taratibu, akaninyooshea.

"Pokea, mwanangu. Leo nitasikiliza mimi."