Kinasa Sauti Kisichokula Betri

Baba alipiga ukulele nyuma ya nyumba yetu ya Mususa, asubuhi na jioni, bila kusikia hata mlio mmoja. Bomu lililochoma lori lake kwenye barabara ya Beni lilimuua mama, aliyekaa kando yake, na kumwachia yeye masikio mawili yasiyo na kazi. Ukulele, hilo gitaa dogo la kamba nne alilolipata zamani ndani ya robota la mitumba, ilikuwa imebaki nyumbani siku hiyo.

Kamba zilikuwa zimelegea na yeye hakujua. Alipiga akitabasamu, kichwa amekiinamisha upande mmoja, watoto wa jirani wakijishika mbavu kwa kicheko. Niliona aibu, na nilikasirika kwa kuona aibu. Siku ya kutoa kilio, yaani ya kumaliza matanga, ilikuwa inakaribia, na kwetu siku hiyo mume aliyefiwa hutoa neno la mwisho mbele ya ukoo. Baba alikuwa amesema neno lake litakuwa wimbo, ule ambao yeye na mama walikuwa wakiimba wawili ndani ya lori. Sikuwa tayari kuona anachekwa kwenye kilio cha mama yangu.

Wazo lilinijia kanisani. Baba alikuwa ameegemeza taya kwenye spika, ngoma zikipigwa, mara akanigeukia.

"Ngoma naisikia," alisema. "Inapita mu mifupa."

Spika, amplifaya na jenereta ndogo vilikuwa vya kwaya yetu, na kwaya ilikubali kuniazima. Kilichokosekana ni kinasa sauti, kile kidude kinachofungwa kwenye ukulele kupeleka mlio wake kwenye amplifaya. Niliuza kuku wawili nikaenda mjini kati, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Beni aliyeuza vifaa vya muziki pamoja na taa na vipuri vya baiskeli.

Alikuwa navyo vitatu tu. Cha kwanza kilitaka betri. Wakati ule askari walikuwa wakipekua nyumba kwa nyumba kutafuta betri; wakizikuta kwako, basi wewe unalisha redio za waasi wa msituni. Jirani yetu mmoja alichukuliwa kwa ajili ya tochi na hatukumwona tena. Nilikirudisha mezani haraka. Viwili vilivyobaki havikula betri, na bei ilikuwa moja: kipande cha sumaku kilichofunikwa kwa chuma kinachong'aa, na kisahani chembamba cha shaba chenye waya, kama kifuniko cha soda kilichokanyagwa na gari.

"Mama, kamba zake ni za chuma?" aliniuliza. "Hiki cha sumaku kinasikiaka chuma tu. Kile kingine kinasikia mbao."

"Za chuma, papa," nilimjibu.

Mimi nikiulizwa hujibu kabla swali halijakaa chini. Kwetu kamba ikikatika unachomoa uzi mmoja kwenye waya wa breki ya baiskeli, unaufunga, unaendelea kupiga. Nilikua nikiona hivyo kwenye kila gitaa. Nikachukua cha sumaku, kwa kuwa kiling'aa.

Kwenye chumba cha kwaya nilikifunga, tukawasha jenereta, nikapiga. Spika ilinyamaza. Ndipo nikazitazama kamba kwa makini, mara ya kwanza. Zilikuwa za nailoni, mshipi wa kuvulia samaki. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama ndiye aliyezinunua soko la Kanyabayonga, akazibadilisha kwa mikono yake, kwa sababu waya za breki zilikuwa zinamkata baba vidole. Niliishi nyumba moja nao na sikuwahi kuangalia. Nilijichukia siku ile.

Hata hivyo sikukata tamaa. Nilinunua waya wa breki, nikamfuata baba na koleo mkononi. Alipoelewa ninataka kufanya nini, alinishika kiganja.

"Usitoshe," alisema, akilisukuma koleo mbali na kamba. "Ni mama yako aliziweka."

Nikarudi dukani kichwa chini. Yule mfanyabiashara aligeuza sumaku huku na huku, akaona haina mkwaruzo, akanipa kisahani.

"Si nilikuuliza?" alisema, basi.

Siku ya kutoa kilio nilikibandika kisahani kwa gundi ya viraka vya baiskeli. Mpigaji gitaa wa kwaya alizikaza kamba mpaka zikakubaliana. Kweli kilisikia mbao: kila kidole, kila kucha, hata kifungo cha koti la baba kilipogusa. Baba aliegemeza taya kwenye spika akaanza. Uso ulimbadilika. Alikuwa anasikia, na hakuna mtu aliyecheka. Nilitazama ukoo wetu kwa majivuno.

Alipofika mahali ambapo mama alikuwa akiingia, alisimama. Akaanza upya, akasimama palepale. Mara ya tatu aliuchomoa waya mwenyewe. Niliinama nikidhani kisahani kimebanduka.

"Kila siku nilikuwa napiga, nafikiri mama yako anaimba," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, ukoo mzima ukasikia. "Nilisema ni miye tu sisikii."

Aliniwekea ukulele mapajani akaenda kukaa na wanaume wengine. Hakuigusa tena. Wiki iliyofuata watoto wa jirani walikuja kuniuliza kwa nini mzee ameacha kupiga.