Jibu la Dakika Nne

Kazini wanamwita Bi Shaka, na shangazi yangu hakasiriki. Kazi yake ni kushuku. Programu inayowasha taa za reli na kugeuza njia haimridhishi hata ikijaribiwa mara elfu. Anataka ithibitishwe kwa hesabu kwamba, hata itokee nini, treni mbili hazitakutana kwenye reli moja. Bila sahihi yake, stesheni haifunguliwi.

Ijumaa ile asubuhi nilimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Nikamkuta ameikodolea macho skrini iliyojaa kijani. Kijani maana yake imethibitishwa. Stesheni mpya ilikuwa ifunguliwe Jumatatu, na dereva wa treni ya kwanza alikuwa baba yangu, kaka yake wa tumbo moja.

"Hongera, shangazi!"

"Hongera ya nini? Hesabu hii huchukua saa tatu. Leo imekwisha kwa dakika nne."

Bosi wake alisimama mlangoni, fomu na kalamu mkononi. "Bi Shaka, kompyuta ni mpya. Sasa na yenyewe unaionea wivu?"

"Sioni wivu, bosi. Nanusa kitu."

Akaiandikia kompyuta dai la kipuuzi, kama mtu anayemtega mwongo: hakuna treni itakayowahi kufika reli ya saba, reli kuu ya stesheni hiyo. Sekunde chache tu, kijani.

"Ehe! Basi Jumatatu kaka yangu atapita wapi? Hewani?"

Bosi alicheka peke yake.

Shangazi akaanza kupekua orodha ya mambo ambayo kompyuta huambiwa iyakubali bila kuuliza. Kwenye mstari wa mia mbili na kitu akalikuta jambo lenyewe: reli ya saba ni tupu wakati wote. Fundi mmoja aliliweka siku za majaribio ili kujirahisishia kazi, akasahau kulifuta. Kumbe treni hazikugongana kwa sababu hazikuwapo! Na juu ya utupu huo watu wazima walitaka sahihi, kisha wapakie abiria.

Akalifuta. Tukasubiri. Saa tatu baadaye skrini ikawa nyekundu: treni moja inarudi nyuma kwenye reli ya saba, na nyingine inawashiwa taa ya kuingia.

"Weka sahihi, tutarekebisha baadaye," bosi alisema kwa sauti ya chini, akimpa kalamu. "Wageni wameshaalikwa."

Shangazi akamrudishia kalamu yake.

Jioni tulimkuta baba anapiga pasi sare. Aliposikia kwamba stesheni haifunguliwi Jumatatu, alinuna. "Dada, miaka ishirini naisubiri siku hii. Umeshindwa kuniachia hata hii moja?"

"Njoo hapa, kaka." Akachukua vijiko viwili, akavisogeza mezani polepole, kimoja kikirudi nyuma, kingine kikiingia, mpaka vikagongana.

Baba alikigusa kile kilichokuwa kinaingia. "Hiki ni mimi?"

"Ni wewe."

Akarudi kwenye sare yake, akachomoa waya wa pasi ukutani.