Mkeka wa Tavita

Siku moja ya baridi naikumbuka kuliko zote nilizoishi Stockholm, mwanangu Neema. Nilikuwa katika chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo letu la Hallonbergen, simu ikalia mfukoni. Nilitazama jina, nikairudisha, nikaendelea kukunja mashuka. Nilijisingizia kwamba zamu yangu ya kufua ilikuwa inakwisha. Aliyepiga alikuwa Tavita, na hakupiga tena.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, ulinieleza kwamba chama kingine kinakutaka uhamie kwao na kiti chako cha udiwani, nao wakupe uenyekiti wa kamati. Nikakuuliza watu wa mtaa wako wa Alby waliokuchagua wanasemaje. Ukacheka: "Babu, nitawaambia mambo yakishakamilika." Chai ilinishinda kunywa. Neno hilohilo, mwanangu, niliwahi kumfundisha mtu mwingine.

Tavita alitoka katika nchi ya visiwa vidogo huko Pasifiki. Tulikutana hapa tukiwa vijana, tukisomea ufundi wa majokofu na vyumba vya baridi, mimi na kidato changu cha nne, yeye na gitaa lake. Nilipata kazi nikabaki. Yeye alirudi kwao, na baada ya miaka michache watu wa kisiwa chake wakamchagua kuwa mbunge. Bunge lao ni dogo; wabunge wote wangeenea katika basi moja na viti vikabaki. Mtu mmoja akihama upande, serikali inaweza kuanguka.

Kisiwani kwao kuna nyumba ya mikutano isiyo na kuta. Kila ukoo una mahali pake pa kukaa, na mtu wa ukoo mwingine hapagusi. Mbunge hutandikiwa mkeka katikati, kwa kuwa yeye ni wa wote. Kabla ya jambo zito hupanda meli, huenda kukaa pale, hukunja miguu, husikiliza mpaka wazee wamalize. Siku hiyo hajibu neno. Tavita alizoea kulalamika kwamba magoti yanamuuma, lakini alikuwa akienda.

Ndipo upinzani ukamwahidi uwaziri. Alinipigia jioni moja, kwao kumekucha.

"Mswahili, nikihama kesho mimi ni waziri wa uvuvi!"

"Sasa unasubiri nini, mheshimiwa?"

"Sijaenda kukaa mkekani. Meli inachukua siku kadhaa, na kura ni kesho."

"Utawaambia yakishakamilika. Wapelekee gati jipya, uone nani atanuna."

"Wewe huwajui wazee wetu."

"Na wewe huujui uwaziri," nikamjibu, tukacheka wote wawili.

Niseme kweli: sikuwa nikimfikiria yeye. Nilikuwa nimechoka kupiga magoti nyuma ya majokofu ya watu, na nilitaka niseme kazini kwamba rafiki yangu ni waziri. Na nikasema. Nilitembea siku kadhaa nikijiona nimerefuka.

Tavita alihama, serikali ikaanguka, akapata uwaziri. Kabla hata mchanga wa gati haujafika, mbunge mwingine akahama vilevile, na serikali ya kina Tavita nayo ikaanguka. Akapanda meli kurudi kisiwani. Hakuna aliyemzomea. Aliingia katika nyumba ya mikutano akakuta watu wamekaa, kila ukoo mahali pake, na katikati hapana mkeka. Akasimama pale. Mjomba wake aliyemlea akamuuliza kwa upole, "Karibu. Umekuja kumtembelea nani?"

"Afadhali angenipiga, Mswahili," aliniambia.

Nikamjibu kwamba watasahau. Hawakusahau. Alihamia nchi kubwa ya jirani, akafanya kazi katika bohari la matunda, akawa ananipigia mara kwa mara kunisimulia jambo lile lile. Kila aliposimulia nilisikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia utawaambia yakishakamilika. Aibu ikanishinda, nikaanza kutopokea. Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye yale mashuka.

Binti yake ndiye aliyenipigia kunijulisha kwamba amefariki na wamemzika hukohuko. Nikamuuliza kwa nini hawakumrudisha nyumbani.

"Alikataa mwenyewe," akasema. "Alisema hajui kama atatandikiwa."

Mwanangu, sikukatazi kuhama chama. Huenda kile kingine ni bora. Mimi si mtu wa kukuamulia, umeona nilivyomwamulia mwenzangu. Utasema Alby si kisiwa. Ni kweli, lakini Mama Furaha wa hapo Alby alikwenda kupiga kura na nguo zake za kazi ya usafi, akitoka kazini, akaweka alama kwenye jina lako, si la mwingine. Basi kabla hujatia sahihi popote, nenda kwenye ule ukumbi wa chini ya kanisa wanapokutana watu wako, keti kwenye kiti cha plastiki kama wao, uwaeleze. Kisha unyamaze. Wasikilize wote, hata Mama Furaha ambaye akianza hamalizi. Simu iache kwenye koti. Siku hiyo usijibu. Ukirudi kwako, amua, na utakaloamua walisikie kinywani mwako kabla ya gazeti.

Ukitafuta ushauri, mtazame vizuri anayekushauri: je, cheo chako atakivaa yeye? Mimi nilikivaa cha Tavita. Na siku mtu aliyeanguka akikupigia simu, pokea. Mashuka yanaweza kungoja.

Mungu akulinde katika njia hii uliyoichagua, binti yangu. Akupe mahali pa kukaa kila utakaporudi kwa watu wako, na asiwepo hata mmoja wa kukuuliza umekuja kumtembelea nani. Amina.