Gari Lililongoja

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa msumeno wala randa. Nilipewa nyundo ndogo, na Mkuu wa Karakana akaniambia nigonge magurudumu yote yaliyoegemezwa ukutani, nisikilize, na nisiseme neno mpaka nimalize. Nilikuwa seremala kamili. Uvira, kwetu Kongo, nilitengeneza vitanda na milango ya watu wenye nafasi zao, kabla vita havijatufukuza, kwa hiyo nilijiona nimedharauliwa. Hata hivyo niligonga. Mengi yalilia kama kengele ya kanisa. Moja lilitoa sauti ya debe tupu.

"Hilo ni bovu," nikasema.

"Nani kakuambia?"

"Masikio."

"Sharp, sawa," akasema Mkuu. "Kesho uje na chakula chako. Hapa mpishi hakuna."

Huko ndiko kuajiriwa kwangu. Mkuu alikuwa Mzulu wa Umlazi, hapa Durban, Afrika Kusini, mtu mrefu, mkavu wa maneno. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, yeye akichomeka Kizulu na mimi nikichomeka Kifaransa. Hapa ninamwandikia Kiswahili, na naona kinamkaa vizuri.

Karakana yetu ilikuwa Greyville, ndani ya mabanda ya zamani ya farasi karibu na uwanja wa mbio. Tulijenga magari ya kukokotwa na ng'ombe, ya mtindo wa kale, kwa ajili ya majumba ya makumbusho na zaidi kwa kampuni za picha za sinema. Wageni wengi waliokuja kupiga picha hapa walitaka magari ya Amerika ya karne ya kumi na tisa, yale yenye turubai jeupe juu, yaliyobeba familia nzima kwenda magharibi kutafuta ardhi. Sijawahi kufika Amerika. Lakini nimejenga magari yao mengi kuliko Wamarekani wote walio hai ninaowajua, na nimeyafikiria sana.

Ninyi vijana wa Sydenham mnaobadilisha tairi kando ya robot, hizi taa za barabarani, na kuondoka kabla taa haijawa kijani, hebu nisikilizeni kidogo. Gurudumu la mti lina sehemu nne. Katikati ni kitovu, gogo gumu lililotobolewa ili ekseli ipite. Kutoka kitovuni zinachomoza spoki. Spoki zinaingia katika ukingo, nao ukingo ni vipande vya mti vilivyopindwa na kuunganishwa kuwa duara. Juu ya ukingo inakaa pete ya chuma. Pete hiyo hufuliwa ikiwa ndogo kidogo kuliko mti. Unaichoma mpaka itanuke, unaivisha ingali nyekundu, moshi unakupofusha, halafu unaimwagia maji. Chuma kinanywea, kinaubana mti, viungo vyote vinalia kwa pamoja, na kuanzia hapo gurudumu ni kitu kimoja. Hakuna gundi wala msumari wa maana. Mwishoni gurudumu linaingizwa kwenye ekseli na kuzuiwa lisichomoke na pini moja ya chuma, isiyozidi kidole changu cha kati. Watu, ng'ombe na mali zote wanaitegemea pini hiyo.

Mhunzi wetu alikuwa Salum, mtu wa Tanga, aliyependa kuniambia kwamba Wakongo tunajua kupiga gitaa na kupiga soga, chuma tuwaachie wengine. Nami nilimjibu kwamba chuma chake bila mti wangu ni bangili tu. Tulielewana sana.

Juu yetu, kwa kazi za sinema, alikuwapo Msimamizi wa Vifaa, mama wa Kizungu kutoka Morningside aliyependa mambo yawe kama yalivyokuwa. Alileta picha za zamani na kutueleza habari za safari zile. Yeye ndiye aliyetuambia juu ya picha ya sinema kubwa kuliko zote tulizowahi kuzifanyia kazi. Ilihusu familia ya watu weusi waliotoka utumwani, wakafunga mizigo yao na kuelekea Kansas, kwa sababu walisikia huko mtu mweusi anaweza kulima shamba lililo lake.

Mkuu aliitazama michoro ya magari aliyoileta. "Na wenye nchi hiyo wako wapi?" akauliza.

"Wanakuja wiki ya tatu ya kupiga picha," akajibu Msimamizi.

"Eish," akasema Mkuu. "Kwetu walikuwepo tangu wiki ya kwanza."

Kisha akaenda kuchagua mbao. Mkuu alikuwa na sheria moja aliyotukaririsha kila gari lilipokabidhiwa: gurudumu likitoka mlangoni, si letu tena. Wenye picha wana macho yao, wana midomo yao. Fundi akienda nao, anakwenda kukaza kinacholegea na kunywa chai. Nilimwona akiishika sheria hiyo katika kazi nyingi. Waliwahi kuligeuza gari letu zuri kuwa jiko, na hakunyanyua hata nyusi.

Picha ile ilihitaji watu wa kujaza msafara, watu weusi wa rika zote, na mke wangu Furaha akaenda kujiandikisha pamoja na wenzake wa saluni. Wakamchukua, tena wakampa nafasi ya mama anayekaa mbele ya gari na watoto wawili. Mnapaswa kumjua kidogo. Tulipotoka Kongo tulisafiri kwa malori, nchi baada ya nchi, na dada yake mdogo, Riziki, alibaki njiani. Lori lililowabeba wao wawili lilitangulia na mimi nilikuwa nyuma katika jingine. Sikuambiwa ilikuwaje, na tangu siku ile jina hilo halikutajwa nyumbani kwetu ila kwenye sala. Furaha ni mcheshi, anaweza kumchekesha askari wa mpakani. Ana tabia moja tu ya ajabu: tukipanda taxi, haya mabasi madogo ya hapa, hashuki kabla yangu, hata akiwa amekaa mlangoni na mifuko mapajani. Nilizoea kumtania kwamba malkia anasubiri zulia.

Magari tuliyajenga wakati wa joto la Durban, unapoanika shati asubuhi na jioni likawa bado linakusubiri na unyevu wake. Mbao zilishiba hewa ile. Tukavisha pete, zikabana vizuri, tukagonga, yakalia. Msimu wa baridi ulipofika tukayapakia kwenye malori na kuyapeleka Free State, ng'ambo ya milima, mahali penye nyasi za manjano hadi macho yachoke. Huko hewa ni kavu, midomo inapasuka. Sote tulikuwa watu wa maji: Salum wa pwani, mimi wa kando ya ziwa, Mkuu wa Durban tangu kuzaliwa. Tulijipaka mafuta midomoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba mti nao unakauka.

Asubuhi ya kupiga tukio la kuvuka mto, Furaha alipanda akiwa na gauni refu na kitambaa kichwani. Alitazama vitu vilivyopakiwa nyuma yake, kabati, kiti cha kubembea, saa ya ukutani, akatikisa kichwa.

"Hawa watu hawajakimbiaka bado," akaniambia. "Saa ya ukuta ni ya nini? Mbele pale wataitupa."

Msimamizi wa Vifaa aliponiuliza amesema nini nikamtafsiria. Akaniambia ni kweli, njia zile zilijaa makabati na saa zilizotupwa.

Gari lilisimama kutwa nzima likingoja jua likae wanapotaka. Alasiri nikapita na nyundo yangu, kwa mazoea tu. Gurudumu la mbele likalia. La nyuma, upande wa mto, likatoa sauti ya debe. Niliinama. Ukucha wangu uliingia kati ya chuma na mti. Mbao zilikuwa zimesinyaa ndani ya pete, na spoki mbili zilicheza nilipozishika. Mbele yetu palikuwa na mteremko, kisha mto wa mawe, kisha ukingo wa kupanda.

"Mama Amani, shuka," nikamwambia Furaha.

"Sishuki."

"Gurudumu limelegea. Shuka na watoto."

"Papa Amani, acha kuniharibia kazi. Mi nilivukaka muto Ruzizi na mutoto ku mugongo, nitashindwa na haka kamaji?" Alicheka, lakini mikono yake ilikuwa imeshika ubao wa kiti kwa nguvu. Niliona vile, nikadhani ni baridi.

Nilikwenda kwa Mkuu. Alikuwa amekaa kwenye jiwe na kikombe chake cha chai. Sikuhitaji kumaliza sentensi. Alikiweka kikombe chini, akachukua nyundo mkononi mwangu, akayagonga magurudumu yote manne moja baada ya jingine. Mwongozaji Msaidizi, kijana mgeni mwenye redio begani, akamfuata akimwonyesha jua.

"Wateremshe watu," akasema Mkuu.

"Jua linaondoka. Tutakwenda polepole."

"Wateremshe."

"Limekaa sawa tangu asubuhi!"

"Tangu asubuhi limesimama," akasema Mkuu.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Nyuma yake walikuwapo watu wengi wenye kamera, farasi, na watu wengine wakubwa kuliko yeye waliokuwa wakimpigia kelele katika redio. Akainua mkono kumwashiria mwenye ng'ombe. Hapo Mkuu akainama. Akaichomoa pini ya gurudumu la nyuma, akaifuta kwa kidole gumba, akaitia mfukoni mwa koti. Akazunguka upande wa pili, akaichomoa na ile, nayo akaitia mfukoni. Kisha akarudi kwenye jiwe lake na kukaa.

"Haya, endesheni," akasema.

Mwenye ng'ombe aliuweka chini mjeledi wake. Hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angeliondoa gari lile. Mwongozaji Msaidizi alimwambia Mkuu kwamba karakana yake haitapata kazi tena kwa watu wale, na Mkuu akajibu kwa utulivu kwamba amesikia. "Gari nitajenga jingine," akasema. "Hao walio juu siwezi." Jua likazama. Furaha akashushwa na watoto, akapita karibu nami.

Tulifanya kama walivyofanya wasafiri wale wa zamani magari yao yalipokauka kwenye nyanda. Tuliyavua magurudumu, tukayalaza ndani ya mto na kuyawekea mawe juu, yanywe maji. Kulipopambazuka mti ulikuwa umevimba na kuishika pete. Tukagonga, yakalia. Mkuu akazirudisha pini zake. Gari likashuka, likavuka, likapanda ukingo, na Furaha mbele ameketi wima kama mwenye shamba. Nililia, sioni haya kusema.

Na hapo ndipo ilipokuwa taabu yetu. Kwa kuwa gari lilivuka salama, wenye picha walisema lingevuka hata jana yake, na kwamba mzee mmoja mkaidi aliwapotezea siku. Mtu angewajibu nini? Ajali isiyotokea haina shahidi. Ile kazi iliyofuata haikuja, wala ya baada yake. Mabanda ya Greyville yakafungwa. Salum akarudi Tanga, na mimi nikawa fundi wa milango na makabati kwenye nyumba za Morningside, chini ya mameneja wa majengo waliobadilika kila mara, mpaka macho yaliponiambia yamechoka. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini mlango haulii ukiugonga.

Nilipokuwa nikimtembelea Mkuu kwake Umlazi nilimuuliza zaidi ya mara moja kama anajuta. Alinijibu vilevile kila mara. "Eish. Chai yangu ilipoa." Nami pale nyumbani Furaha alinitania miaka yote kwamba gurudumu lile lingefika, kwamba mimi na mzee wangu tulimwonea wivu kwa sababu alikuwa nyota wa sinema. Nilicheka naye. Wakati mwingine, nikiwa peke yangu, nilijiuliza kama si kweli tulifunga karakana kwa ajili ya sauti ya debe.

Nimestaafu sasa, na vijana wananiuliza kazi ilinifunza nini. Nimewafikiria sana wasafiri wa magari yale. Waliokimbia utumwa, waliofuata ardhi, na wenye nchi waliosukumwa pembeni ili hao wapite. Katika michoro gari huonekana kama ndilo lililoshinda safari. Mimi niliyelijenga nawaambia gari ni mti uliobanwa, na hukauka. Aliyefika alifikishwa na mtu aliyeinama kutazama gurudumu.

Mwaka huu Mkuu amefariki. Furaha alipika tangu mapema, akavaa vazi lake jeusi, tukaenda kumzika. Hakuwapo mtu yeyote wa sinema. Kaburini Furaha ndiye aliyelia kuliko sote, hata mabinti wa marehemu wakamshika. Wakati wa kurudi, ndani ya taxi, tulipokaribia mjini, alinigeukia.

"Ile gurudumu niliisikia," akasema.

"Gurudumu gani?" nikauliza.

"Siku ya muto. Kila tulipotikisika kidogo, ilikuwa inalia ndani ya chuma yake. Niliisikia mbele ya wewe kuigonga, Papa Amani. Nilijua itavunjika."

"Na hukushuka? Na watoto wale?"

Aliangalia dirishani. "Riziki alishukaka," akasema. "Lori ilisimama, akasema niko na kiu, akashuka kuchota maji. Nilimwona anakuja na kopo mukononi, anakimbia. Nilipiga kelele, nilipiga bati kwa mikono. Haikumungoja. Tangu pale, mi nikishapanda, sishuki."

Nilimshika mkono. Taxi ilikuwa imejaa, watu wanazungumza mambo yao.

"Ile ya muzee," akasema Furaha, "ndiyo gari ya kwanza iliningojaka."